Vishikizo thelathini vya taa za omena: kisa cha rezini iliyofura

Mzee mmoja wa ufuko wa Dunga, Kisumu, hukodisha taa kwa wavuvi wa omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria. Jioni mashua zikitoka, kila moja inachukua taa zake na betri. Asubuhi zinarudi pamoja na pesa ya kodi. Mwishoni mwa Machi alinijia mtaani Kondele akiwa na gunia begani. Nilizichomeka taa moja baada ya nyingine kwenye betri ya mezani, na zote zikawaka. Shida ilikuwa kishikizo, kile kipande cha plastiki kinachoibana taa kwenye ufito wa chelezo. Kwenye taa thelathini kilikuwa kimekatika mahali palepale, shingoni mwa ulimi wa kubana.

"Fundi," akasema, "macho ni mazima. Ni mguu umevunjika."

Aliyemuuzia hauzi kishikizo peke yake. Ukitaka kishikizo unanunua taa nzima. Katika gunia lote kilikuwa kimebaki kimoja tu kizima. Mzee alikuwa na shilingi 15,000 na miezi minne, kwa sababu uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wazaane, na taa zilitakiwa ziwe tayari ziwa linapofunguliwa. Miezi minne ni mingi kwa vipande thelathini. Lakini mwanzo wake ndio msimu wa mvua ndefu, na kwa kazi hii mvua ilikuja kuwa jambo kubwa kuliko tarehe.

Nakieleza kisa chote, pamoja na wiki tatu zilizopotea, kwa sababu kosa lililonipoteza nimeliona kwa wengine wanaosubu plastiki nyumbani, yaani wanaoimimina ikiwa majimaji kwenye kalibu yenye umbo la kitu wanachokitaka, na dawa wanayoambiwa wakanunue si dawa ya ugonjwa huo.

Kwa nini kusubu? Kiwandani plastiki hushindiliwa ikiwa ya moto ndani ya kalibu ya chuma, na bei ya kalibu hiyo peke yake ingenunua taa mpya kwa gunia zima. Njia hiyo ni ya mwenye kutaka maelfu. Kuna kijana mjini ana printa ya 3D, naye ni mwaminifu, akanieleza mwenyewe kwamba kila kipande kingemchukua saa kadhaa na kwamba kingechanika kwenye tabaka zake palepale penye shingo. Kwa idadi ya kati ya kumi na hamsini, pale ambapo tayari unacho kipande kimoja kizima mkononi, kalibu ya silikoni na rezini ya chupa mbili, vimiminika viwili vinavyoganda kuwa plastiki vikichanganywa, ndiyo njia inayolingana na mfuko. Unachukua umbo kutoka kwenye kipande chenyewe, unamimina, unangoja, unatoa.

Kabla ya kalibu nilikitazama kile kipande kizima kwa muda mrefu, na hapa sijuti hata dakika moja. Ulimi wa kubana ulikuwa na unene wa milimita 2, na mahali ulipoungana na mwili palikuwa na kona kali, kama ya sanduku. Nyufa zote thelathini zilikuwa zimeanzia kwenye kona hiyo. Plastiki ya asili ilikuwa ya kupindika na kurudi, na bado imeshindwa. Rezini ninayoweza kumimina mezani kwangu ni ngumu zaidi na haina subira hiyo ya kupinda, kwa hiyo nakala kamili ya kishikizo ingekuwa nakala kamili ya ubovu wake. Niliukata ulimi. Mahali pake nikajenga pembe mbili fupi kwa bodi fila, ile lipu ya kuziba mabonde ya gari, nikazijaza kona mpaka zikawa na mviringo unaoingia ncha ya kidole, nikapiga msasa namba 400 mpaka pakateleza. Kubana kutafanywa na ukanda wa mpira wa blada unaozungushwa kwenye pembe hizo. Nilimwonyesha mzee nikihofia atakataa. Aliushika, akauzungusha, akasema blada ndiyo kitu ambacho hakijawahi kukosekana ufukweni.

Nikapima pia ujazo, na kipimo hiki kilikuja kuniokoa. Weka kikombe cha maji juu ya mizani ya jikoni, irudishe kwenye sufuri, kisha kizamishe kipande kikiwa kimening'inia kwa uzi, kisiguse kitako wala ukingo. Gramu zinazoongezeka ndizo mililita za kipande. Changu kilitoa 40. Rezini ya poliyurethani isiyochanganywa na kitu huwa na uzito wa takribani gramu 1.05 kwa mililita, basi kipande kilichoshiba kilipaswa kuwa na gramu 42. Niliandika 42 ukutani kwa penseli.

Kalibu ya kwanza niliitengeneza kwa njia ya bei nafuu inayofahamika: silikoni ya dirisha, ile inayonuka siki, inayouzwa kwa tyubu katika kila hadwea, iliyokandwa pamoja na wanga wa mahindi. Nasema ule wanga mweupe laini wa kukoleza supu na kastadi, si unga wa ugali. Silikoni ya tyubu huganda kwa kunywa unyevu wa hewa, kuanzia nje kuingia ndani, kwa hiyo ukiiweka bonge nene itakaa na utomvu katikati kwa siku nyingi. Ukiikanda na wanga inaganda yote kwa pamoja, ndani ya muda wa kupika maharagwe. Kiasi sawa kwa sawa kwa ujazo, mikono imelowa maji ya sabuni, unakanda kama chapati, unakikandamizia kipande upande mmoja, unapaka mafuta ya kujipaka kwenye mshono ili upande wa pili usishikane na wa kwanza, kisha unafunika. Ilitoka kalibu nzuri. Kila mkwaruzo wa msasa ulionekana ndani yake. Ilikuwa na uzito wa gramu 648, na ndani yake nilikuwa nimeweka gramu 220 za wanga.

Rezini ilikuja kutoka Nairobi kwa basi, kilo moja, chupa mbili. Nikapima kwa mizani kama lebo ilivyosema, nikakoroga, nikamimina. Dakika ya pili ilikuwa imetulia, safi, rangi ya asali. Ikaanza kugeuka nyeupe kama inavyotakiwa. Halafu ikaanza kupanda. Kwenye tundu la kumiminia ilijitokeza kichwa kidogo, kikakua, kikapasuka, kikafuatiwa na kingine, kama uji unaotaka kufurika lakini polepole. Nilipofungua kalibu baada ya dakika 40, kishikizo kilikuwa kimetoboka uso mzima kana kwamba kimedungwa na pini. Mizani ikasema 33.

Kila niliyemwonyesha alisema neno moja: hewa. Umekoroga kwa nguvu, hewa imeingia, nunua pampu ya kuvuta hewa. Nami nikaamini. Fundi friji wa jirani alikuwa na kompresa ya friji kuukuu, ambayo kweli inaweza kugeuzwa pampu, nikamwachia arubuni ya 1,000. Nikingoja aniunganishie mabomba, nilimimina tena mara mbili, safari hii nikikoroga taratibu kama anayeogopa kuamsha mtoto, nikimimina kwa uzi mwembamba kutoka juu. Gramu 34. Gramu 33.

Hapo ndipo ningepaswa kusimama mapema. Kama hewa ya kukoroga ingekuwa mkosaji, kukoroga taratibu kungebadilisha namba. Namba haikubadilika. Tena rezini ilikuwa haijapanda nilipoimimina. Ilianza kupanda dakika kadhaa baadaye, ndani ya kalibu, wakati hakuna mtu anayeigusa. Hewa iliyonaswa haingoji hivyo. Inakuwamo tangu mwanzo, na inakusanyika mahali pa juu na kwenye pembe zisizo na njia ya kutokea, viputo vichache vikubwa. Mimi nilikuwa na viputo vidogo visivyohesabika.

Nilichukua kipande kibovu nikakikata katikati kwa msumeno wa chuma. Naomba msomaji afanye hivi kila anapoharibikiwa, kwa sababu jeraha linaeleza lilikotoka. Pale penye mwili mnene palionekana vizuri: kiini kigumu, cheupe, karibu bila tundu, na kukizunguka pete ya povu yenye unene wa milimita 2 au 3, ikifuata ukuta wa kalibu kila ulipopinda. Povu lilikuwa limezaliwa ukutani.

Rezini ya poliyurethani ni ndoa ya vimiminika viwili, poliyoli na isosaianeti. Isosaianeti hiyo inapokutana na maji haiyangoji; inaungana nayo na kutoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Ndiyo kanuni hiyohiyo iliyotumika tangu zamani kufurisha sponji za godoro, ila kwenye godoro inakusudiwa. Na kiasi cha maji kinachohitajika ni kidogo mno. Gramu 1 ya maji inatoa zaidi ya lita 1.3 za gesi. Tone moja la kawaida, lenye gramu 0.05 hivi, linatosha kwa zaidi ya mililita 60, yaani gesi nyingi kuliko kishikizo chenyewe. Kipande changu cha gramu 33 kilikuwa kimepungukiwa na gramu 9, sawa na takribani mililita 8.5 za viputo. Kufanya viputo hivyo inahitajika miligramu 6 hivi za maji. Huwezi kuziona. Ukihema juu ya kioo mara kadhaa umeshazidisha.

Na wanga? Wanga wa mahindi uliokaa kwenye hewa ya kawaida hubeba maji kama asilimia 12 ya uzito wake. Hayo maji ndiyo yanayoigandisha silikoni ya tyubu kwa haraka. Bila hayo ile njia nzuri ya bei nafuu isingefanya kazi. Gramu 220 za wanga zilikuwa zimeingia na gramu 26 za maji. Hata tukitoa yaliyotumiwa na silikoni katika kuganda, nilikuwa nimejenga ukuta wenye maji maelfu ya mara kuliko yanayohitajika kuharibu kipande, kisha nikaumiminia ndani kimiminika kinachoyatafuta maji.

Hiyo ilikuwa dhana tu mpaka niijaribu, na jaribio halikugharimu hata shilingi mia. Nilipasha vikombe vinne vya chuma juu ya jiko, nikavifunika vikapoa. Nikachanganya rezini kidogo, nikaigawa. Kikombe cha kwanza rezini tupu. Cha pili, chembe ya wanga kutoka kwenye pakiti. Cha tatu, chembe ya wanga niliokuwa nimeukausha kwenye sufuria kwa moto mdogo kwa saa nzima bila kuacha ubadilike rangi. Cha nne, kipande cha kalibu yenyewe chenye ukubwa wa punje ya haragwe, nilichokikata pembeni mahali pasipo na kazi.

Cha kwanza kiliganda kigumu na laini, kwa hiyo chupa zangu zilikuwa salama. Cha pili kilifura na kupanda. Cha tatu kilikuwa na viputo vya kuhesabika. Cha nne ndicho nilichokiinamia kwa tochi: kutoka kwenye ile punje viputo vilikuwa vikipanda kwa mistari, kimoja nyuma ya kingine, kama vinavyopanda kwenye soda. Kesho yake nilienda kwa fundi friji. Alinirudishia arubuni bila ugomvi. Pampu isingenisaidia kitu, maana gesi ilikuwa ikitengenezwa mle ndani dakika kwa dakika, na ukipunguza presha ya hewa juu ya povu linalozaliwa unalipa nafasi ya kuvimba zaidi. Kinachoweza kulibana povu ni kinyume chake, chungu cha presha chenye hewa ya kompresa, lakini hicho ni chombo kilichotengenezwa na kupimwa kwa kazi hiyo. Sufuria ya presha ya jikoni hufanya kazi kwa takribani paundi 15 kwa inchi ya mraba, na anayeishindilia hewa mara tatu ya hapo anaweka bomu mezani pa familia yake. Nalisema hili kwa uzito wote.

Basi nifanye nini na kalibu? Jambo la kwanza nililojaribu ni kuikausha. Nyumbani tunacho kisanduku cha kulelea vifaranga, cha mbao, chenye balbu ya wati 60 ya kizamani inayotoa joto. Vifaranga walikuwa wameshakua. Kalibu ililala humo usiku mbili. Iliingia na gramu 648 ikatoka na 626; sehemu ya zilizopungua bila shaka ni siki, maana harufu ilijaa sandukuni, lakini nyingi ni maji. Nikamimina ingali na uvuguvugu. Gramu 41. Nilikaa nacho mkononi kishikizo hicho muda mrefu; ngozi yake ilikuwa kama ya kipande cha kiwandani.

Usiku huo ikanyesha, mvua ile ya Kisumu inayotoka ziwani na kuacha hata chumvi imelowa ndani ya mtungi. Kalibu ilikuwa mezani. Asubuhi ilikuwa imeongezeka gramu 4, na kishikizo kilichotoka humo kilikuwa na gramu 37.

Kwa hiyo ugonjwa ulijulikana na tiba yake ilijulikana: kalibu iishi ndani ya kisanduku cha joto, itoke kumiminiwa tu, irudi. Kama oda ingekuwa vipande vitano ningeishia hapo, na kwa mtu mwenye oda ndogo bado ndiyo njia ninayomshauri, mradi akubali nidhamu ya sanduku. Kilichonizuia ni jambo lingine. Silikoni yenye wanga mwingi haina mnyumbuko mwingi, na katika kuvuta vishikizo hivyo vitano vya kwanza ukuta mwembamba kati ya zile pembe mbili ulikuwa umeshaanza kuchanika. Isingefika thelathini.

Nilifikiria pia kuacha kalibu na kubadilisha rezini. Mafundi wa faiba hapa mjini wana rezini ya poliesta, rahisi kuliko zote, isiyojali unyevu kama unavyojaliwa na poliyurethani. Nilinunua nusu lita, nikamimina kishikizo kimoja. Kilitoka na uzito mzuri, lakini bila nyuzi za faiba ndani yake poliesta ni kama kigae: nilikiangusha kutoka mezani kwenye sakafu ya saruji, pembe moja ikaruka. Tena hadina yake, yaani dawa ya kuigandisha, ni peroksaidi kali inayoweza kupofusha macho kwa tone moja, na haipaswi kamwe kukutana moja kwa moja na ile dawa ya zambarau ya kuharakisha, kobalti, kwa sababu mchanganyiko huo hulipuka. Nimeona vijana wakiishika bila miwani, na roho yangu haitulii. Epoksi ingefaa kwa nguvu, nayo huvumilia unyevu zaidi, lakini ile ninayoipata inataka siku nzima ndani ya kalibu. Kalibu moja, siku moja, kishikizo kimoja: mwezi mzima wa kungoja. Poliyurethani inatoka kwa dakika 40. Kwa oda ya thelathini, tofauti hiyo ndiyo iliyoamua.

Nikaagiza kilo moja ya silikoni ya kumimina, ile ya kugandishwa kwa hadina ya bati, inayopimwa sehemu chache za hadina kwa mia. Kuna aina nyingine, ya platinamu, ambayo ni bora na hainywei, lakini ni ghali zaidi, nayo hukataa kuganda ikigusana na salfa, na plastisini nyingi za watoto zina salfa. Ya bati haina makuu hayo. Nilikilaza kishikizo cha mfano nusu ndani ya plastisini, nikabonyeza mashimo manne kwa kofia ya kalamu ili pande mbili zipate kukutana mahali pamoja kila mara, nikazungushia ukuta wa kadibodi uliopigwa gundi ya tepu. Upako wa kwanza niliupiga kwa brashi, nikipuliza viputo kwenye kila kona, kisha nikamimina iliyobaki kutoka juu kwa uzi mwembamba kwenye pembe moja ya sanduku, ili ipande yenyewe na kuifukuza hewa. Siku ya pili nikageuza, nikaondoa plastisini, nikapaka mafuta ya kujipaka kila mahali palipo na silikoni, nikamimina upande wa pili.

Tundu la kumiminia nililiweka liingie kwa chini ya kishikizo, na njia za hewa nikazikata juu, moja kwenye ncha ya kila pembe. Rezini inaingia kwa sirinji kutoka chini na kupanda, ukiona imechungulia kwenye matundu yote mawili ujue kumejaa. Hapa ndipo hewa halisi inaposhughulikiwa, kwa umbo la kalibu, bila pampu.

Kuna mtego hapa, na nashukuru niliusoma kwenye lebo kabla haujaninasa. Silikoni ya bati ikiganda hutoa alkoholi kidogo, na alkoholi hiyo nayo hugombana na isosaianeti. Kalibu changa hutoa vipande vyenye uso unaonata. Niliiacha wazi siku mbili, na usiku ikalala sandukuni chini ya balbu.

Kwa rezini ya pili, kilo mbili, nilibadilisha tabia zangu za chupa. Poliyoli hunywa unyevu wa hewa na isosaianeti hupigana nao, kwa hiyo kila dakika ambayo kifuniko kiko wazi ni dakika ya hasara. Nilivuta kwa sirinji kavu na kufunga hapohapo. Chupa zililala ndani ya ndoo yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vya chembechembe za kukausha vinavyokuja na viatu vipya, nilivyovipasha kwenye sufuria mpaka vikarudi na nguvu. Dalili ya chupa iliyoingia maji ni tumbo kuvimba na kuzomea unapoifungua, au ukoko mweupe shingoni. Vijiti vya mbao vya kukorogea niliviacha, nikatumia mpini wa kijiko cha chuma, kwa maana mbao ina maji. Kikombe cha karatasi pia nilikiacha. Rangi nyeusi niliitia ya unga, iliyokaushwa; ya maji ingekuwa ni kumimina maji kwa mkono wangu mwenyewe. Weusi huo si wa urembo: taa hushinda juani ufukweni, na poliyurethani isiyo na weusi hugeuka njano na kuchoka.

Kazi niliifanya barazani, glavu mkononi, feni ikipuliza mgongoni kwenda nje, watoto wakiwa shuleni. Isosaianeti inaweza kukupa pumu usiyokuwa nayo, na ukishaipata hata harufu ndogo inakuamsha kifua. Asipatikane mtu anayemimina kitu hiki chumbani alalamo.

Nilianza kila siku saa nne asubuhi na kufunga kabla wingu la jioni halijasimama juu ya ziwa. Sita kwa siku. Kila kishikizo kilipotoka kilienda kwenye mizani kabla hakijaenda kwenye msasa: 41 au zaidi, ndoo ya mzee, chini ya hapo, ndoo yangu. Katika 34 nilivyomimina, vitatu vilikataliwa. Kimoja kilinata kwa sababu nilikosea kupima baada ya mtu kuniita mlangoni. Kingine hewa ilibaki kwenye ncha ya pembe. Cha tatu kilikuwa na gramu 38, siku ambayo mvua ilikuja mapema na nilikuwa nimeacha chupa ya poliyoli wazi nikikimbilia nguo kwenye kamba.

Hesabu ya pesa ni hii, bila kuficha. Rezini kilo tatu, 8,400. Silikoni ya kumimina 3,000. Tyubu mbili za silikoni 800, wanga 200. Bodi fila, msasa, glavu, sirinji, vikombe na ile poliesta, 1,300. Nauli ya mizigo 600. Jumla 14,300, nikabaki na 700 kwa kazi ya mwezi. Kalibu ya kwanza pamoja na kilo ya rezini iliyoishia humo na kwenye majaribio ni 3,800 katika hizo, na hicho ndicho kiasi ambacho anayeanza leo hana haja ya kukilipa.

Mzee alichukua vishikizo 31 katikati ya Juni. Septemba alirudi na kimoja kilichovunjika. Nilikikata kwa msumeno mbele yake: ndani kilikuwa kimeshiba, cheusi, bila tundu. Kilikuwa kimepasukia kwenye shimo ambalo mvuvi alilitoboa kwa msumari wa moto ili apitishe kamba ya pili, kwa sababu kwenye mawimbi taa inageuka kwenye ufito na mwanga unatazama pembeni. Nilichukua kishikizo cha mfano, nikakiongezea sikio la kupitisha kamba kwa bodi fila. Kalibu mpya imelala chini ya balbu tangu juzi.